Oili ya Gari: Jina la Mbele na Maandishi ya Nyuma

Waulize mafundi watano wa gereji moja oili ipi inafaa Toyota IST. Utapata majibu matano, na karibu yote yatakuwa majina ya makampuni. Wa kwanza ataapia Castrol. Wa pili atasema Total Quartz, kwa kuwa ndiyo aliyoikuta alipoanza kujifunza kazi. Wa tatu ni Shell Helix, wa nne ni Oryx au Puma kwa sababu sheli yao iko jirani. Wa tano atakwambia jina si hoja, weka yoyote mradi iwe nzito, maana gari ni la zamani na nchi yetu ni ya joto. Nenda Kirinyaga Road, Nairobi, mjadala utaukuta ni huo huo. Yataongezeka tu majina ya Rubis na Mobil.

Ubishi huu unawagharimu wenye magari kwa sababu unaanzia kwenye jambo lenye uzito mdogo. Ukichukua makampuni mawili yanayoheshimika na kulinganisha oili zao za daraja moja, gari lako la kwenda kazini halitaona tofauti ya maana. Lakini daraja likikosewa, injini italijua hilo. Na kama kilichomo ndani ya dumu sicho kilichoandikwa nje, basi hata jina kubwa kuliko yote halitakuokoa.

Tuanze na kilichomo ndani. Oili ya injini ni mafuta ya msingi yaliyotiwa viambato. Mafuta ya msingi huchukua kiasi cha asilimia 75 hadi 90 ya dumu. Kinachobaki ni viambato: vya kung'oa uchafu kwenye pistoni, vya kuyafanya masizi yaelee badala ya kuganda, vya kuzuia povu na kutu, na mchanganyiko wa zinki na fosforasi unaojenga utando mwembamba pale ambapo chuma kinakutana na chuma, kama kwenye kamshafti. Viambato hivyo havitengenezwi na kila mwenye nembo. Sehemu kubwa ya soko lake duniani imeshikwa na kampuni nne: Lubrizol, Infineum, Afton na Chevron Oronite. Infineum yenyewe ni ubia wa Shell na ExxonMobil. Wauzaji wawili wanaoshindana kwenye mabango ya barabarani wanaweza kabisa kuwa wamenunua viambato kwa mtu mmoja. Hata dumu lenye nembo ya Toyota limejazwa na kampuni ya mafuta kwa masharti ya Toyota, kwa kuwa Toyota ni watengeneza magari, hawana kiwanda cha kusafisha mafuta.

Maneno "Fully Synthetic" yaliyoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya dumu nayo yana historia yake. Taasisi ya Mafuta ya Marekani, API, imeyagawa mafuta ya msingi katika makundi matano. La kwanza ni la usafishaji wa kizamani. La pili na la tatu yamesafishwa kwa haidrojeni katika joto na shinikizo kubwa. La nne hutengenezwa kwa kuunganisha molekuli moja moja. Zamani sinthetiki ilikuwa hasa ile ya kundi la nne. Mwaka 1999, baada ya Mobil kuilalamikia Castrol, chombo cha Marekani kinachosuluhisha migogoro ya matangazo kiliamua kwamba oili ya kundi la tatu nayo inaweza kuitwa sinthetiki. Tangu hapo sehemu kubwa ya sinthetiki madukani ni ya kundi la tatu. Silaumu uamuzi huo, maana kundi la tatu ni mafuta mazuri sana. Shell huko Ras Laffan, Qatar, wanatengeneza mafuta ya msingi kutokana na gesi asilia, na wataalamu wengi huyaweka jirani kabisa na kundi la nne. Ninachosema ni kwamba neno hilo peke yake halikwambii umenunua nini.

Kinachokwambia ni maandishi madogo ya nyuma, na humo yapo mambo mawili ya kusoma kwanza: uzito na daraja.

Uzito ndio 5W-30, 15W-40, 20W-50 na wenzake. Namba yenye W hupimwa kwenye baridi kali: 5W inapimwa kwa nyuzi 30 chini ya sifuri, 20W kwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Hakuna dereva wa Dar es Salaam au Bujumbura atakayewasha gari kwenye baridi hiyo, ndiyo maana fundi husema namba ya kwanza ni ya Wazungu. Ana haki nusu. Hata asubuhi ya Tanga yenye nyuzi 25, oili ya 5W bado ni nyepesi kuliko ya 20W na inawahi kupanda juu kwenye vali, na dakika hiyo ya kuwasha ndiyo injini inasagika. Namba ya pili hupimwa kwenye nyuzi 100, joto la injini iliyokwisha kuchemka. Hapo oili ya 50 ina uzito unaokaribia mara mbili ya ile ya 30.

Sasa turudi kwa fundi wa tano, kwa sababu hoja yake ndiyo inayosikilizwa zaidi. Oili nzito ilikuwa na maana yake enzi za Peugeot 504, Land Rover za zamani na Datsun. Injini zile zilikuwa na nafasi kubwa kati ya vyuma, na 20W-50 ilizijaza vizuri. Fundi alijifunza kwa mwalimu aliyejifunza kwenye magari hayo. Lakini injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye IST, Vitz nyingi, Probox na Corolla kadhaa zinazojaa mitaani kwetu, imejengwa kwa vipimo vingine. Ndani yake oili ina kazi zaidi ya kulainisha. Ndiyo inayosukuma mfumo wa VVT-i unaobadili muda wa vali kufunguka, ikipita kwenye vali ndogo yenye kichujio chembamba cha waya. Ndiyo pia inayokaza cheni ya taimingi kwa shinikizo lake. Ukiweka oili nzito kupita kiasi, asubuhi inachelewa kufika huko, na cheni inapiga kelele kwa sekunde kadhaa kabla ya kutulia. Shinikizo likizidi, vali ya pampu hufunguka na kuirudisha sehemu ya oili kwenye sampo. Kwenye filta nako kuna mlango wa dharura: oili ikiwa nzito mno kupenya karatasi, mlango unafunguka na oili inakwenda kwenye beringi bila kuchujwa. Dereva anaona taa ya oili imezima na kipimo kiko juu, anaridhika.

Hoja ya joto la nchi nayo inahitaji kuangaliwa. Joto la injini haliamuliwi na jua la Dodoma. Linaamuliwa na thamostati, ambayo kwenye Toyota nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu. Injini iliyochemka Dar na iliyochemka Sapporo, kama mfumo wa kupoza ni mzima, zinafanya kazi kwenye joto linalokaribiana. Tatizo ni kwamba gereji nyingi huitoa thamostati na kuitupa, kwa maelezo kwamba hii ni nchi ya joto na kile ni kifaa cha nchi za baridi. Matokeo yake ni kinyume cha walichotaka. Injini inakaa baridi kwa muda mrefu, petroli isiyoungua inateremka kwenye sampo, mvuke wa maji haukauki, na oili inageuka tope. Fungua kifuniko cha kujazia oili kwenye gari la namna hiyo linalotembea safari fupi za mjini, chungulia upande wa ndani: utakuta utando wa rangi ya maziwa au tope jeusi zito lililonata. Mwenye gari ataambiwa oili aliyoweka ilikuwa mbaya, na wiki ijayo atanunua jina jingine.

Yako mazingira ambayo uzito zaidi ni halali. Injini iliyokwisha kuchoka, inayokula oili na kutoa moshi wa buluu, inaweza kupata nafuu kwa 5W-40 au 10W-40 huku mwenyewe akijipanga kwa matengenezo. Gari linalopanda mlima wa Kitonga na mzigo kila wiki si sawa na linalopeleka watoto shule. Vitabu vya Toyota kwa masoko ya nje ya Marekani na Japani vyenyewe mara nyingi huruhusu uzito kadhaa kwa injini moja, kuanzia 0W-20 hadi 15W-40, kulingana na hali ya hewa. Kwa hiyo 5W-30 kwenye injini iliyoandikiwa 0W-20 si kosa hapa kwetu. Utapoteza petroli kidogo, basi. Kurukia 20W-50 ndilo kosa.

Wengine husema kitabu cha gari ni cha Kijapani, hawakielewi. Ni kweli, lakini uzito kama 5W-30 na daraja kama SN huandikwa kwa herufi hizi hizi tunazosoma. Kitafute ukurasa wenye namba hizo. Kama kitabu kilipotea bandarini, angalia kifuniko cha kujazia oili: mara nyingi uzito umechapwa juu yake.

Daraja ni jambo la pili, na ndilo linalodharauliwa kuliko yote. API huweka herufi mbili kwa injini za petroli, ya kwanza ikiwa S, na kila herufi inayofuata ni mtihani mgumu zaidi. SJ ni ya magari ya hadi 2001, SL ilikuja 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020, na SQ imeanza 2025. Oili mpya inafaa kwa magari ya nyuma yake, ya nyuma haifai kwa ya mbele. Sasa chukua dumu la bei rahisi rafuni, ligeuze. Si ajabu ukakuta SF au SG. API yenyewe inaonya kwamba SF haifai kwa injini nyingi zilizotengenezwa baada ya 1988, na SG baada ya 1993. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8, Uganda nayo ina kikomo chake, na Tanzania huwatoza zaidi wenye magari chakavu. Kwa maneno mengine, karibu kila gari dogo linaloshuka leo Mombasa au Dar limetengenezwa miaka mingi baada ya SF kupitwa na wakati. Oili hiyo haikughushiwa. Ni halisi kabisa, ina jina na kibandiko, na bado haifai kwa gari lako. Hapa ndipo ninapokasirika, kwa sababu huenda muuzaji hajavunja sheria yoyote na mnunuzi hajui ameumizwa.

Soma pia namna madai yalivyoandikwa. API hutoa leseni, na mwenye leseni huweka nembo ya duara yenye daraja juu na uzito katikati. Orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti yao, mtu yeyote anaweza kutafuta jina la oili yake. Dumu linaloandika kwamba oili "meets" SN bila duara hilo linajisemea lenyewe. Huenda ni kweli, lakini hakuna aliyelithibitisha. Kwa magari ya Ulaya tofauti hii ni nzito zaidi: "MB-Approval 229.5" maana yake Mercedes-Benz wameipima na kuikubali, na maneno kwamba oili "inafaa" kwa 229.5 ni ya muuzaji.

Je, kuna ushahidi kwamba majina hayatofautiani? Upo, na una mipaka yake. Mwaka 1996 jarida la Marekani la Consumer Reports liliweka oili za kampuni mbalimbali kwenye teksi 75 za New York. Kila moja ilitembea maili 60,000, kisha injini zikafunguliwa na kupimwa. Hawakuona tofauti ya maana kati ya jina na jina, wala kati ya sinthetiki na ya kawaida. Lakini teksi hushinda zimewaka. Hazijui shida ya gari linalowashwa asubuhi, likatembea kilomita 4, likazimwa, likawashwa tena jioni. Mwaka 2017 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilifanya vipimo vya maabara na kukuta sinthetiki ikiishinda ya kawaida kwa wastani wa asilimia 47. Ukiyaweka majaribio hayo mawili pamoja, unapata jambo linaloeleweka: jina lina uzito mdogo, aina ya mafuta ya msingi ina uzito zaidi, na uzito huo unaongezeka kadiri mazingira yanavyokuwa magumu. Foleni ya Ubungo jijini Dar, vumbi la barabara ya changarawe na safari fupi fupi ni mazingira magumu.

Kwa hiyo ningemshauri mwenye IST, Passo, Premio au RAV4 ya kawaida anunue 5W-30 yenye SN au SP, ya sinthetiki au nusu sinthetiki kadiri mfuko unavyoruhusu. Aqua, Prius na haibridi nyingine zishikilie 0W-20, kwa sababu injini yake huzima na kuwaka mara nyingi na haipati moto haraka. Dizeli za kisasa zenye kichujio cha moshi, kama Hilux na Prado za miaka ya karibuni, zinahitaji oili yenye majivu machache, ya viwango vya Ulaya vya ACEA C2 au C3, au cha Japani cha JASO DL-1. 15W-40 ya lori yenye majivu mengi itakiziba kichujio ambacho bei yake itakutoa jasho. Volkswagen, BMW na Mercedes zifuate kibali cha mtengenezaji bila majadiliano. Na ukikwama njiani oili ikapungua, ongeza ya kampuni yoyote yenye uzito na daraja hilo hilo. Oili zenye leseni hupimwa zichanganyike na nyingine bila kuharibika. Kuendesha na sampo nusu kwa kuogopa kuchanganya majina ni hatari kuliko mchanganyiko wenyewe.

Nimesema jina lina uzito mdogo. Liko eneo moja ambalo lina uzito, nalo linafanya kazi kinyume na watu wanavyodhani. Jina likiwa maarufu, ndilo linaloghushiwa. Hakuna mtu anayejisumbua kutengeneza feki ya oili isiyojulikana. Madumu matupu ya kampuni kubwa, yakiwa na vifuniko vyake, yana wanunuzi wake mitaani, na si wote wanataka ya kuwekea maji. Ndani hujazwa oili ya bei ya chini, au oili chafu iliyochujwa na kutiwa rangi. Usijidanganye kwamba utaitambua kwa kuisugua vidoleni au kuinusa. Rangi haisemi kitu, utelezi hausemi kitu. Hata oili chafu inateleza. Wala oili kuwa nyeusi haraka si dalili ya ubaya, hasa kwenye dizeli, kwa sababu kazi yake mojawapo ni kuyabeba masizi.

Kinachosaidia ni mahali unaponunua na unavyonunua. Sheli ya kampuni yenyewe au wakala wake anayejulikana ni salama kuliko meza ya barabarani, hata kwa tofauti ya shilingi elfu kumi za Tanzania. Angalia pete ya kifuniko: ikikatika iwe unaikata wewe. Ipo karatasi ya bati chini ya kifuniko? Namba ya toleo imechapwa kwenye plastiki ya dumu, au iko kwenye kibandiko tu kinachobanduka kwa kucha? Tafuta alama ya shirika la viwango: kwa Tanzania ni TBS. Kwa Kenya tafuta ya KEBS, ambao wana namba ya 20023 ya kuhakiki alama hiyo kwa ujumbe mfupi. Kaa karibu fundi anapomimina. Na akimaliza, toboa dumu kwa bisibisi au likate kabla hujaondoka. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Kuhusu muda, Toyota huko Japani huruhusu kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa injini za petroli zisizo na turbo, na nusu yake kwa matumizi magumu. Matumizi yetu ni hayo magumu, na mafuta tunayochoma na vumbi tunalovuta ni juu yake. Kilomita 5,000 au miezi 6, filta mpya kila mara, ni kipimo kizuri kwa oili ya kawaida na nusu sinthetiki. Sinthetiki halisi inaweza kufika 7,500. Filta ndiyo inayonyimwa haki. Mtu ananunua oili ya bei kubwa kisha anarudisha filta ya zamani, au anafunga ile isiyo na jina kabisa, na oili mpya inaanza maisha kwa kupita kwenye uchafu wa jana.

Ukitaka kujua kama oili yako bado ina nguvu, chomoa kijiti cha kupimia injini ikiwa ya moto, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe inayonyonya na uiache usiku kucha. Tone likitawanyika kwa duara la kijivu linalofifia taratibu kuelekea nje, viambato bado vinayashika masizi. Likibaki doa jeusi katikati lenye ukingo mkali, huku pembeni kukiwa na mafuta matupu, ubebaji umekwisha. Imwage, hata kama kilomita hazijafika.

Haya yote yanamtwika mnunuzi kazi ambayo si yake peke yake. Huko Marekani kuna taasisi huru inayonunua oili madukani kama mteja wa kawaida, inazipima maabara na kutangaza matokeo kwa jina la kila dumu, zilizofaulu na zilizofeli. TBS, KEBS na UNBS ya Uganda wana sheria na maabara. Wanunue madumu kimya kimya Gerezani jijini Dar, Kirinyaga Road na Kisekka jijini Kampala, wayapime, na watangaze kwa majina. Na oili za SF na SG ziandikwe mbele ya dumu, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, kwamba hazifai kwa magari yaliyotengenezwa baada ya 1993.